Njema, Baba

Jumapili, tukishatoka kanisani, baba alikuwa anatutoa funza. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa mchanga, mihogo, minazi na mbuzi waliolala barazani, na funza walikuwa wa kila mtu, hakuna aliyewaonea haya. Baba alichuma mwiba mpya kwenye mndimu wa uwani, akaufuta kwenye shati, akaketi kwenye kigoda na kutuita mmoja mmoja. Mimi mtoto wa kike nilikuwa na ruhusa ya kulia. Nililia hata kabla mwiba haujanigusa, na baba alicheka, akaniambia pole mama, pole, imekwisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alijua kukizungusha kile kifuko cha mayai mpaka kikatoka kizima, kisha akapaka mafuta ya taa, akaniachia nikakimbia.

Kaka yangu hakuwa na ruhusa hiyo. Kaka alikaa chini, akanyoosha mguu, na baba alipoanza kuchimba alianza pia kumsalimu.

"Habari za leo?"

"Njema, baba."

"Za tangu asubuhi?"

"Njema."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, baba."

Sharti lilikuwa moja tu, sauti isitikisike. Ikitikisika, baba aliinua mwiba, akangoja kidogo, akaanza tena palepale penye kidonda, na salamu nazo zikaanza tena mwanzo. Mchezo huo aliuanza kaka akiwa hajang'oa meno ya utoto, na hakuuacha hata kaka alipoota ndevu na kupata kazi ya saidia fundi kwenye nyumba za Serikali zilizokuwa zinajengwa Magomeni. Mtu mzima aliyebeba tofali wiki nzima, Jumapili alikaa mchangani akanyoosha mguu. Wageni wakija, baba aliwaita waje kutazama. "Sikilizeni sauti yake," alisema, "kama yuko kwenye kivuli anakunywa uji." Na kweli, sauti ya kaka ilikuwa tulivu sana. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake vya mikono, vilikuwa vimezama mchangani hadi kwenye vifundo.

Mjue kwamba kwetu mtu akiulizwa habari, hujibu njema kwanza, hata kama nyumba imeungua. Ni adabu. Halafu ndipo inapokuja ile "ila". Njema, ila mtoto hakulala. Njema, ila jana tumefiwa. Ila ndiyo yenye habari, na mtu mwenye akili akisikia njema hunyamaza kidogo akaingoja. Baba alimfundisha kaka njema isiyo na ila. Mpaka leo, mie bibi kizee, nikimsikia mwanamume anajibu njema haraka haraka, moyo wangu unashtuka kabla sijajua kwa nini.

Baba alikuwa Mnyamwezi, na kwa maelezo yake hayo yote yalitoka kwa babu yake, aliyeshuka pwani na misafara ya zamani, pembe ya ndovu begani, akaliwa mabega mpaka nyama ikaonekana, asiseme hata aah. Bara kwao, alisema, mwanamume ambaye hajabeba mzigo mpaka pwani bila kulalamika hakupewa mke. Yeye mwenyewe alishuka kwa treni, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya Mzungu kule Uzunguni, ng'ambo ya njia ya kwenda Msasani. Huyo mjukuu wa mbeba pembe kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za ndani za memsabu. Sisemi kwa dharau. Alizipiga vizuri, na sisi tulikula kwa hizo.

Nilifika huko siku moja, mama aliponituma nimpelekee baba kofia yake aliyoisahau. Nilimkuta kwenye baraza ya nyuma, amevaa kanzu nyeupe, anapiga pasi gauni jeupe la memsabu. Pasi ilikuwa ya mkaa. Kitoto cha Kizungu, kidogo kuliko mimi, kilipita kikasema "Boi!" na baba akaitika "Naam." Kisha pasi ikatema kaa, likaruka likamtua kwenye kifundo cha mkono. Akiutikisa mkono, kaa linaanguka juu ya gauni. Alikuwa anataka kulichukua kwa mkono wa pili, lakini memsabu akatokea mlangoni na kusema kwa Kiswahili chake, "Jambo boi, habari?"

"Njema, memsabu," baba akasema, mkono ameutuliza vilevile, kaa juu yake. Memsabu akasimama akalisifu gauni. Nilisikia harufu. Alipoondoka ndipo baba akalibana kaa kwa vidole, akalirudisha kwenye pasi, akaniangalia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda kitu. Nilimwogopa, na nilimwonea fahari. Yote mawili yalinijia kwa pamoja na sijawahi kuyatenganisha.

Siku hizi vijana wanasema mwanamume ajikaze kisabuni, wanacheka. Mie sicheki. Nimeishi na mtu wa sabuni.

Jirani yetu alikuwa Mzaramo, mkulima wa mihogo mwenye minazi michache, mtu mnene mwenye sauti ya kuita punda. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za hiyo misafara, kwa hiyo yeye na baba walitukanana kila siku na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ndiyo sheria ya utani: mtani wako akikutukana, cheka, halafu tafuta tusi lako. Jina lake kwetu sote lilikuwa Mtani tu. Jumapili alikuwa anakuja kuegemea ua wetu wa makuti kutazama kaka anavyotolewa funza, na kila mwiba ulipoingia mguuni mwa kaka, Mtani alipiga yowe kwa niaba yake.

"Uwiii! Mnyamwezi we, unafuga mtoto au unafuga jiwe?"

"Nafuga mwanamume," baba alijibu. "Nyie watu wa pwani hamjui kitu hicho. Babu yangu alitoka Unyamwezi na pembe begani, hakusema aah."

"Alisema! Alipofika kwetu alisema aah, babu yangu ndiye aliyempa dafu. Tena alilia, akaomba la pili!"

Wakacheka, na kaka akacheka nao, mguu mkononi mwa baba. Lakini Mtani alipokwisha kuondoka, baba alikuwa anasema maneno mengine. Mtani alifiwa na mkewe mwaka uliotangulia, akalia mchana kweupe barazani, kamasi zinamtoka, watu wazima wakamshika. Baba alilikumbuka jambo hilo kwa kinyaa. "Mtu mzuri," alimwambia kaka, "ila usimwige. Yule ni mwanamke mwenye ndevu."

Kaka aliugua wakati wa masika. Alirudi kutoka Magomeni jioni amelowa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake kwenye chumba cha uwani, hakutaka kula. Mama akamwuliza ana nini. "Njema, mama. Tumbo tu kidogo." Mama akadhani ni mchango wa tumbo, akamchemshia mchaichai na tangawizi. Asubuhi kaka akaamka akaenda kazini. Nilimwona akivuka uwani, anatembea ameinama upande wa kulia, kama mtu aliyebeba debe la maji kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ulikuwa mtupu. Alipofika mahali ambapo baba angeweza kumwona, akanyooka.

Siku iliyofuata hakuweza kwenda. Mama alisimama mbele ya baba, mdogo wetu wa mwisho yuko mgongoni mwake, akasema mtoto apelekwe hospitali mjini.

"Amelia?" baba akauliza.

"Hajalia."

"Mgonjwa hulia. Nimemwuliza mwenyewe, amesema njema. Wewe unataka nimbebe kijana wa ndevu mgongoni kama huyo wako?"

"Baba watoto, mtazame macho."

"Nimemtazama. Usimharibu."

Mama alikuwa mwanamke wa wakati wake. Alirudi jikoni, akachemsha tena mchaichai. Alikuwa anakoroga kitu ambacho hakihitaji kukorogwa.

Jioni kaka akasema maumivu yamekwisha. Akasema kweli, hakudanganya, nilimwona uso wake umelegea, akaniomba maji, akanitania nywele zangu. Baba alifurahi mno. Alikuja mlangoni na taa, akamwangalia, akamwambia mama, "Umeona?" Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba kidole tumbo kikipasuka, mtu hupata nafuu kwa muda kidogo. Nilimwomba aache kunieleza.

Asubuhi baba alipokuwa anaondoka kwenda Uzunguni, kofia mkononi, alipita uwani kama kawaida akasimama mlangoni kwa kaka.

"Habari za kulala?"

"Njema, baba."

Niliisikia sauti yenyewe. Nilikuwa nafagia. Ilikuwa ileile ya Jumapili, tulivu, haikutikisika hata kidogo. Baba akavaa kofia akaenda kazini.

Mchana Mtani alikuja kuomba moto, akamsikia kaka anapumua. Aliingia bila hodi. Alitoka mbio, akaenda akarudi na mkokoteni wake wa mihogo, akaufagia kwa mikono, mama akatandika kanga na mkeka, wakamlaza kaka juu yake. Tumbo lilikuwa limevimba, limekaza, mama hakuweza hata kulifunika. Mtani akashika mikono ya mkokoteni akaanza kukimbia kuelekea mjini, mtu mnene yule, kanzu ameifunga kiunoni. Mama alikimbia nyuma akashindwa, mtoto mgongoni, tope la masika, akakaa njiani. Mtani aliendelea peke yake na kaka.

Kaka hakufika hospitali. Mtani alirudi naye jioni ile ile, pole pole, amemfunika. Baba alikuwa amesharudi kutoka kazini na kuambiwa, amesimama barazani. Mkokoteni ulipoingia, akamsaidia Mtani kuingiza mwili ndani, akaosha mikono, akaanza kupanga nani aende kuchonga jeneza. Usiku ule watu walijaa, wanawake tulilia mpaka sauti zikakauka, na baba alizunguka akiwasalimu wageni mmoja mmoja. Habari? Njema. Poleni na safari. Njema, tumeshapoa.

Tulikwenda kumzika kesho yake. Kanisani kwetu wanawake huenda makaburini, kwa hiyo mimi nilikuwapo na niliyaona yote kwa macho yangu.

Watani wana kazi yao msibani. Mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo au akasimama, akagoma kutoka mpaka wafiwa wamgomboe kwa kuku au kanga au chochote kile. Watu hucheka, uchungu hupungua, mtani hutoka, mtu huzikwa. Kwa hiyo Mtani aliposhuka kaburini hakuna aliyeshangaa, na baba alikuwa ameshaandaa kuku, amefungwa miguu, amelala kando ya udongo.

"Sitaki kuku," Mtani akasema kutoka chini.

Watu wakaanza kutabasamu.

"Nikupe kanga?" baba akauliza.

"Sitaki kanga. Nataka chozi la Mnyamwezi. Moja tu. Silitaki kubwa."

Wakacheka kidogo. Baba naye akatabasamu. Padri aligeuza kurasa za kitabu chake.

"Toka, mtani. Watu wanangoja."

"Habari, Mnyamwezi?"

"Njema."

"Nimekuuliza habari."

"Njema, mtani. Toka."

Mtani alikuwa ameinua uso, kichwa chake tu ndicho kilichoonekana juu ya ukingo, na mimi niliyekuwa upande ule niliona kwamba hakuwa anatania. Mashavu yake yalikuwa yanacheza. "Basi mie nina habari," akasema. "Mwanao alilia. Kutoka hapa mpaka Jangwani alilia, alilia kama watu wote wanavyolia, alimwita mama yake, akakuita na wewe. Kisha akanishika kanzu, akaniambia, Mtani, tafadhali, usimwambie baba nimelia. Ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani. Mengine hakusema. Sasa mie nimekwambia, ni mtani wako, huwezi kunikasirikia. Lia, baba. Mlilie mwanao nitoke."

Kuku alipiga mabawa. Nilimtazama baba, na nilidhani, sasa, sasa hivi.

Halafu baba akacheka.

"Mtani huyu!" akasema kwa sauti kubwa. "Hana haya! Hata maiti anamsingizia!"

Na watu wakacheka naye. Walikuwa wanangoja kucheka, na hiyo ndiyo kazi ya utani, wakapumua, wengine wakafuta machozi ya kicheko. Aliyesema alikuwa mtani, na la mtani ni utani. Kama padri ndiye angesema, au mama, au mimi, ingekuwa habari. Kwa kuwa alikuwa kaburini, mtani, na amekwisha kukataa kuku, likawa tusi zuri kuliko yote aliyowahi kumtupia Mnyamwezi wake, na watu walilisimulia hivyo kwa muda mrefu.

Mtani alitoka mwenyewe. Hakugombolewa. Aliparamia udongo kwa magoti, hakuna aliyempa mkono, akapita katikati ya watu akaenda zake. Sijapata tena kuona mtani anatoka kaburini bila kupewa kitu.

Mama peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo, mtu akimwuliza habari, alijibu, "Mbaya." Hakueleza, hakuongeza. Mbaya. Kisimani wanawake walianza kuchelewa ili wasikutane naye, wakiniona mimi waliniuliza habari za shule haraka wakapita. Baba alimkataza. Mama akamwambia, "Wewe umeshasema njema za nyumba nzima. Niachie mimi hii yangu."

Chumba cha uwani hakikupewa mtu. Mwiba wa mwisho wa kaka ulibaki umechomekwa kwenye makuti juu ya mlango, baba alikuwa anauchomeka pale kila akimaliza. Na asubuhi, akiwa anaondoka, kofia mkononi, baba aliendelea kupita mlangoni pale na kusimama. Hakusema kitu. Alisimama kwa muda wa kuuliza na kujibiwa, halafu akavaa kofia. Nilikuwa nafagia, nilikuwa naacha kufagia, na naapa kwamba katika ule ukimya nilikuwa naisikia ile sauti inajibu, tulivu, kama iko kwenye kivuli inakunywa uji. Niliogopa chumba kile mpaka nilipoolewa.

Siku moja, kiangazi kimeshaingia, nilimwona baba anazunguka ua kwenda kwa Mtani. Walikuwa hawajatukanana tangu mazishi. Nilikuwa naosha vyombo upande huu wa makuti, na makuti hayazuii maneno.

"Mtani," baba akasema, "lile la siku ile. Ulikuwa unatania?"

Nilimsikia Mtani anaweka panga chini.

"Sikutania."

"Alilia."

"Alilia, baba."

"Alisema nisiambiwe."

"Ndivyo alivyosema."

Nilichungulia kwenye tundu. Baba alikuwa ameketi juu ya kinu cha Mtani, kofia magotini. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kikohozi. Akakohoa, akakohoa, Mtani akamletea maji, akayakataa. Kikohozi hicho hakikuwa na makohozi na hakikuwa na homa, na hakikumwacha tena mpaka alipokufa. Hospitali walimpima kifua wasione kitu. Alikuwa akikaa peke yake kinamjia, na sisi tuliokuwa ndani tulitazamana. Namchukia kwa yale aliyomfanyia kaka yangu. Na bado kikohozi kile nikikikumbuka, nakaa chini.

Mdogo wetu yule wa mgongoni alikua, akaanza kutembea mchangani, akapata funza. Jumapili moja baba akachuma mwiba, akaketi kwenye kigoda, akamwita. Mama aliacha sufuria akaja akasimama mlangoni, mikono imelowa. Nilijua, naye baba alijua, kwamba akisikia salamu hata moja atamchukua mtoto na kupanda treni ya kwao.

Baba aliushika mguu mdogo. Hakumsalimu.

"Mwanangu," alisema, "ikiuma, lia."

Mtoto alimtazama. Hakuna aliyemfundisha, tulimficha mambo yale, lakini watoto hukulia ndani ya nyumba na nyumba hufundisha yenyewe. Alikuwa amewaona wenzake uwanjani, amewasikia watu wakimsifu marehemu kaka yake, yule kijana jasiri, hakusema aah mpaka kufa. Mwiba ulipoingia akabana midomo.

"Lia," baba akasema. "Nimesema lia, baba. Hakuna atakayekucheka."

Mtoto akadhani huo ni mtihani mgumu zaidi. Niliona macho yake yanajaa na anayarudisha. Baba alianza kumsihi, mtu mzima yule, mkono ulioungua umeshika kisigino cha mtoto, "Lia, tafadhali, lia kidogo tu," na jinsi alivyosihi ndivyo mtoto alivyokaza shingo. Mwishowe mtoto ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo iliyotulia kabisa:

"Njema, baba."

Baba akatupa mwiba. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia anakohoa. Mama ndiye aliyemaliza kumtoa funza.

Baba alikufa miaka mingi baadaye, bendera imeshabadilika. Aliyeingia kaburini kwake alikuwa mtoto wa Mtani, akapewa kuku, akatoka.

Mdogo wangu sasa ni mzee, anaishi Tabata, mkewe alishatangulia, wanawe wakubwa wanakaa naye. Nampigia simu kila Jumapili. Habari? Njema, dada. Na mie nangoja. Simu inahesabu hela, nangoja ile ila. "Njema tu, dada. Nyie je?" Ana sukari, hilo analijua kila mtu. Juzi kitu kikanisukuma, nikapanda gari bila kumwambia.

Nilimkuta sebuleni, miguu kwenye beseni, taulo juu ya magoti limeshuka hadi kwenye maji. Chumba kilikuwa na harufu. Hiyo harufu naijua tangu baraza ya nyuma kule Uzunguni, ingawa si ileile.

"Toa taulo," nikamwambia.

"Dada, umekuja lini? Karibu. Habari za huko?"

"Toa."

Akalishika kwa mikono miwili. Nikaona vidole vyake vilivyozama kwenye kitambaa mpaka kwenye vifundo, na kwa mara ya kwanza katika uzee wetu nikaona macho yake yamejaa na hayarudi.

"Usiwaambie wanangu," akasema.

Mlango wa uwani ukafunguka, mwanawe mkubwa akaingia anatoka kazini, kofia mkononi. "Shikamoo, shangazi! Baba, habari za kushinda?"

"Njema," mdogo wangu akasema. Haikutikisika.

"Mwongo huyo," nikasema mie, nikalivuta taulo. "Njoo uone."